Wageni Wanaokimbia Nyuma ya Nyumba ya Bi Mwatime

Mwenye kucheka acheke mapema amalize, maana kisa cha Bi Mwatime hakipendi kukatizwa.

Bi Mwatime alikuwa mtu wa Likoni, mpika mahamri, mfupi, mnene, na mwenye sauti iliyokuwa ikivuka kivuko kabla feri haijang'oa nanga. Mumewe alipofariki, mwanawe Swafwani, dereva wa malori marefu huko Amerika, alimchukua akampeleka Texas, akamweka katika nyumba yake kwenye mji mdogo uitwao Pruitt, mbele ya Sugar Land ukiwa watoka Houston. Pruitt ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya wakati waingia, kamasi waifutia nje ya mji. Joto la huko hukaanga yai likiwa bado tumboni mwa kuku. Na mbu! Mbu mmoja alimwinua paka wa jirani mpaka juu ya paa, akamwonja, akamwacha hukohuko kwa kuwa hakuwa na nyama.

Lakini si joto wala mbu waliomsumbua Bi Mwatime. Kilichomsumbua ni kimya. Swafwani akiondoka na lori lake harudi upesi. Mkewe, Nuha, ni muuguzi wa zamu za usiku. Arudipo asubuhi macho ni mekundu kama ya njiwa, hula kipande cha mkate akiwa wima, akalala hadi alasiri. Na majirani je? Majirani walikuwa ni milango ya gereji. Mlango hufunguka, ukameza gari na mtu wake, ukafunga kinywa. Bi Mwatime alikaa pale hata asijue jirani wa kulia ana pua ya namna gani.

Nyuma ya nyumba, nje ya lango dogo la mbao, palikuwa na reli kuukuu. Treni ya mwisho ilipita hapo kabla Nuha hajazaliwa. Mataruma yameoza, nyasi zimefika kiunoni, na nyoka wamejikalia kama wenye hati. Bi Mwatime alipenda kuichungulia. Reli, hata ikiota nyasi, mtu wa Mombasa huiangalia akijua kwamba ni kitu cha kuleta watu.

Basi siku moja, Swafwani akiwa safarini, zikaja mashine za manjano zikaanza kuing'oa. Bi Mwatime akaingia chumbani kwa Nuha bila hodi.

“Nuha, mwanangu! Amka! Wale waiiba reli!”

Nuha akafungua jicho moja. “Hawaibi, Mama. Wanatengeneza trail.”

“Treni?”

“Trail.”

“Ndiyo, treni. Sasa hiyo treni itapita juu ya nini na wao waing'oa reli?”

“Si treni, Mama.” Nuha akavuta shuka. “Ni njia. Njia ya watu kutembea. Watu watakuwa wakija kutembea hapa nyuma yetu.”

“Kutembea?”

“Ee. Asubuhi na jioni.”

“Kutembea kwa nani?”

“Kutembea tu, Mama. Watu wote.”

Na jicho likafumbwa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoingia tope. Kwa mtu wa Likoni, mtu akikwambia kesho naja kutembea, wewe hutazami viatu vyake, watazama birika lako. Kutembea ni kwenda kwa mtu, ukae, ule, uulizwe habari za wagonjwa na waliozaa. Bi Mwatime akasimama pale mlangoni mkono kifuani. Watu wote! Asubuhi na jioni! Kwa nyuma, kama jamaa wa ndani, si kwa mlango wa mbele kama wadai. Akasema moyoni, kumbe hawa Wamarekani wana haya tu, walikuwa wangoja wafunguliwe njia.

Alingoja mpaka mashine zilipokwisha kazi na njia ikalala pale, laini, nyeupe, imenyooka kama chane la mkeka. Siku ilipofunguliwa alikuwa ameshakanda unga usiku. Alfajiri akafagia langoni, akapanga viti, akaweka mahamri na mbaazi za nazi, akajifunga leso mpya, akakaa.

Mgeni wa kwanza alikuja mbio.

Alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimefungwa juu, jasho lamtiririka, yuaja kasi. Bi Mwatime akanyanyuka. Kwao mtu mzima hakimbii ila ana lake: ama afukuzwa, ama afukuza. Mbele ya mwanamke yule hapakuwa na kitu. Basi afukuzwa! Bi Mwatime hakungoja kujua ni na nini. Akabeba sinia la mahamri (viti Mungu atavilinda), akaingia ndani, akatia komeo, akachungulia kwenye ufa. Hakuja simba, hakuja askari. Baada ya muda yule mwanamke akarudi, mbio vilevile, upande aliotoka.

“Amesahau kitu,” akasema Bi Mwatime, akatoka tena na sinia lake.

Wakazidi kuja. Akaja mwanamume aliyebeba vyuma viwili mikononi, hapeleki kokote, avipandisha na kuvishusha njiani. Bi Mwatime akadhani ni masalio ya reli ayapeleka kwa wenyewe. Akaja binti asema peke yake na kucheka. Akaja mtu amelala chali juu ya baiskeli, miguu imetangulia kama maiti aliyechelewa mazishi yake. Na nyuma yao wote akaja mzee wa kizungu, kofia imemfika masikioni, asukuma kigari cha mtoto. Bi Mwatime akainama amtazame mtoto. Alikuwa mbwa. Mbwa mzee, mwenye nywele za kijivu usoni, amekaa kwenye kigari kama diwani.

“Karibu!” aliwapigia kelele wote, mmoja mmoja. “Karibu! Karibuni ndani!”

Nao walifurahi, wallahi walifurahi! Walipunga mikono, wakasema “Gudimoning!” na “Hawayu!” Bi Mwatime alilijua lile hawayu, aliulizwa hali, akaanza kuitoa: goti la kushoto, usingizi, joto, na barua kutoka kwa dada yake. Alipofika kwenye goti mgeni alikuwa ameshapotea kwenye kona.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Mgeni auliza hali, hangoji jibu. Aitwa, hucheka tu. Mahamri yalipoa, yakaliwa na kuchakuro, ambao kule hunenepa mpaka hushuka mti kwa kurudi nyuma kama lori. Bi Mwatime alijipekua asione alipokosea. Labda mbaazi. Labda viti vilitazama kibla ya wengine. Akavigeuza. Mzee wa mbwa peke yake ndiye aliyekuwa akipunguza mwendo. Alimwonyesha mbwa kwa kidole akasema, “Biskuti.” Bi Mwatime akaingia ndani kutafuta biskuti, alipotoka nazo amekwenda zake. Ilimchukua muda kutambua kwamba hilo ndilo jina la mbwa.

Swafwani akapiga simu kutoka barabarani.

“Mama, hujambo?”

“Sijambo mwanangu, ila wageni wanichosha.”

“Wageni gani?”

“Wa relini.”

Swafwani akapunguza redio. Alipoondoka safari hii, nyuma ya nyumba yake palikuwa na nyasi na nyoka. “Relini, Mama? Ile reli haipiti kitu.”

“Treni haikuja, wamekuja wao kwa miguu. Wapita wakikimbia wala hawakimbizwi. Mmoja asema peke yake. Mwingine alala chali, amepita miguu mbele. Na kuna mmoja amsukuma mbwa kwa kigari cha mtoto. Nawaita, hawaingii.”

Swafwani akalisogeza lori kando ya barabara, akasimama.

“Mama,” Swafwani akasema polepole, kama mtu asemaye na aliye juu ya ukuta, “na wakati huo Nuha huwa yuko wapi?”

“Amelala. Hajawaona hata siku moja.”

Alipomaliza na mama, akampigia mkewe. Nuha alikuwa kazini, simu ameibana kwa bega. “Kuna wageni waja nyumbani?” Swafwani akauliza. “Hata mmoja,” Nuha akajibu. “Tangu uondoke mlango haujabishwa. Lakini Mama apika mahamri kama ya harusi, ayatoa nje, sijui ampikia nani. Niko na mgonjwa, nita-call back.” Kila neno alilosema Nuha lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo mtupu.

Swafwani akampigia dada yake, Mwanakombo, afanyaye kazi ya ofisi huko Richardson, karibu na Dallas. “Mama aanza kuona watu,” akamwambia, na sauti ikamkatika. Mwanakombo hakulia. Ni mtu wa kupanga. Akampigia mama.

“Mama, Jumamosi naja kukuchukua, uje utembee kwangu.”

“Nitembee siku ngapi?”

“Utembee tu, Mama.”

“Nije na sanduku lipi, lile dogo?”

“Njoo na yote mawili.”

Hapo Bi Mwatime akakaa kitako. Mtu haendi kutembea na masanduku yote mawili. Alikuwa ameshakaa kwa Mwanakombo mwanzo alipofika Amerika, kabla Swafwani hajamleta Pruitt: ghorofa ya juu, dirisha halifunguki, chini uwanja wa magari. Mwanakombo hutoka na giza akarudi na giza. Bi Mwatime alishinda dirishani mpaka akayajua magari yote kwa tabia zao, na wenye magari asiwajue hata mmoja. Pruitt palikuwa na kimya, ndiyo, lakini palikuwa na lango, na lango lafunguka. Akaona akipelekwa Richardson hatatoka tena ila kwa kubebwa.

Dawa akaiona ni moja: mgeni mmoja tu, akae, ale, aonwe. Watoto wakimwona mgeni kwa macho yao, nani atathubutu kumhamisha mama mwenye wageni?

Siku ya Ijumaa asubuhi akatoka na mkeka wake mkubwa, akautandika katikati ya njia, ukingo hata ukingo, akaweka sinia katikati, akakaa juu yake kama kizuizi cha polisi. Wakimbiaji wakaja wakakwama. Yule wa vyuma akavishusha. Yule alalaye chali akakosa breki, akaishia kwenye nyasi miguu mbele vilevile. Kila mtu akamtazama mwenzake. “Karibuni,” akasema Bi Mwatime, na hakuna aliyejua ni wapi.

Wakatoa njia kwa kijana mmoja mwenye fulana ya rangi ya machungwa, mkata nyasi wa ile njia. Akazima mashine, akamsikiliza bibi, uso ukamchanua.

“Mama, jambo! Sasa huyu mukeka iko ya nini hapa katikati?”

“Alhamdulillahi! Na wewe ni nani, wasema Kiswahili kama wakitafuna?”

“Niko Lévi, Mama. Wa Bukavu, kule Kongo. Ninakaa Gulfton, kule Houston.”

“Basi Lévi mwanangu, niambie, nitaingia wazimu. Hawa watu waja kutembea kwa nani?”

“Kwa nani?” Lévi akajikuna. “Hapana, Mama. Banatembea bure. Banaenda mpaka mwisho ya njia, banarudia.”

“Na mwisho wa njia pana nini?”

“Pana choo na kibao.”

“Wote hawa waenda chooni? Mbio vile?”

“Hapana, hapana, Mama! Ni ya mwili. Banatembeza mwili.”

Bi Mwatime akawatazama wale watu waliosimama na jasho lao. Kutembeza mwili. Mbwa wa yule mzee atembezwa na mwenyewe, sawa, lakini mtu ajitembeze mwenyewe, afike chooni, asiingie, arudi? Kichwa kikamzunguka. Kama hawaji kwa mtu, basi hata kwake hawakuwahi kuja. Viti vyote vile, unga wote ule, vilikuwa vya wapita njia.

“Mama, toa mukeka, tafazali,” Lévi akasema kwa upole. “Baiskeli itakukanyaga, na mimi banaweza kunifukuza kazi.” Akaushika upande mmoja, wakausogeza nyasini pamoja. Akala hamri moja wima, akachukua la pili, akaenda na mashine yake. Na wageni wakaendelea kukimbia.

Jumamosi Mwanakombo akafika, amechoka kwa barabara, akayatia masanduku garini kwanza, kisha akapita nyuma, funguo mkononi. Alimkuta mama langoni, kimya, na kimya cha Bi Mwatime ni jambo la kutisha kuliko kelele zake. Akachungulia nje. Akapita mwanamke mbio. Akapita mtu amelala chali.

“Mama!” Mwanakombo akajipiga paji. “Kumbe ni trail!”

“Nyote mwaniambia treni.”

Mwanakombo akacheka, kisha akakoma. Akavuta kiti. “Haya. Huna wazimu, nisamehe. Lakini masanduku yako nishayatia garini, na tutakwenda. Sikiliza, Mama. Swafwani yuko Arizona. Nuha akilala ni gogo. Ukianguka hapa langoni nani atajua? Hawa wapita. Nani akujua katika mji huu wote? Nitajie mtu mmoja.”

“Biskuti.”

“Biskuti ndiye nani?”

“Mbwa.”

Mwanakombo akashika kichwa kwa mikono miwili.

Bi Mwatime akajitanda buibui, akatoka langoni, akashika njia.

“Mama, waenda wapi?”

“Natembea.”

Akaenda akiangalia malango ya nyuma ya watu, moja baada ya jingine, mpaka akaona kigari cha mtoto kimeegemezwa ukutani. Mwanakombo alipoona mama ainua mkono, akaja mbio kama wale wengine.

“Mama, usibishe! Ni nyuma ya nyumba ya mtu! Hapa Texas watu hupigwa risasi kwa kugonga mlango!”

“Hodi!” akasema Bi Mwatime, kwa ile sauti ya kivuko. Ndani mbwa akabweka. “Hodiii!”

Lango likafunguka. Mwanakombo akainua mikono juu, asema sori, sori. Yule mzee alikuwa amevaa kaptura, mkononi ana mwiko wa kugeuzia mayai. Akamtazama Mwanakombo, akamtazama Bi Mwatime, akafumbua kinywa.

“Misi Karibu!”

Bi Mwatime akisikia karibu haulizi mara mbili. Akavua ndara, akakunja buibui lisimguse mbwa, akapita ndani.

Mwanakombo akafuata, hajui aombe radhi kwa nani. Mzee alikuwa akisema mfululizo, mwiko ukichora hewani, na Mwanakombo akaanza kujibu, kisha akawa hajibu tena, asikiliza tu.

“Asemaje?” Bi Mwatime akauliza.

“Asema... ati jina lako ni Karibu. Njia nzima wakuita Misi Karibu. Asubuhi ya kwanza ulisimama ukajitambulisha kwa kila mtu.”

“Mimi? Niliwakaribisha!”

“Ngoja, Mama. Asema kuna siku hukutokea.”

“Siku ile nilikuwa na mafua.”

“Alisimama langoni akakuita. Akaenda, akarudi akaita tena. Jioni akarudi na yule mwanamke wa mbio. Asema walikubaliana, kesho yake usipoonekana wapigie polisi simu waje wakuangalie kama u hai.” Sauti ya Mwanakombo ilikuwa imekuwa ndogo. “Yule wa vyuma naye akauliza.”

“Ala!” Bi Mwatime akapiga goti. “Ndiyo maana Nuha aliamka akasema kuna mwendawazimu apiga kelele za karibu nje ya lango, akajifunika mto!”

Mwanakombo akakaa kwenye kiti cha karibu, bila kukaribishwa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mzee akadhani ni joto. Akawaletea chai ndani ya gilasi kubwa, imejaa barafu. Bi Mwatime akaishika, akainusa, akamtazama binti yake kwa huruma.

“Chai yake imekufa, maskini. Hana wa kumpikia.”

“Mama,” Mwanakombo akasema, “mwambie angalau jina lako la kweli. Ukipelekwa hospitali asije akamtafuta Karibu.”

Hilo Bi Mwatime aliliona la haki. Akaweka gilasi chini, akajigonga kifua, akamwambia mzee kwa kituo: “Mwatime.”

Mzee, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, akageuka akatazama saa ya ukutani, akamtajia saa.

“Mwatime!” akasema Bi Mwatime kwa nguvu zaidi.

Mzee akaivua saa ukutani, akamletea aione mwenyewe, akimwonyesha mshale mkubwa na mshale mdogo. Kumbe kwa sikio la Kizungu bovu, Mwatime na kuuliza saa, wattaim, ni kitu kimoja. Bi Mwatime akatazama saa, akamtazama mzee, akamtazama mbwa. Mwanakombo alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yatikisika, na safari hii ni kicheko.

“Basi, Mama, basi,” akasema alipopata pumzi. “Baki na hilo la Karibu.”

“Nibaki nalo wapi?”

Mwanakombo akasimama, akatoa funguo za gari. “Hapahapa. Nakwenda kuyatoa masanduku.”

Akatoka langoni akaishika njia, na kwa kuwa alikuwa na haraka, akaenda mbio. Bi Mwatime akamtazama hata kona, akatikisa kichwa, akamwomba mzee kwa ishara amwonyeshe jiko liko wapi.